Kwa Nini Twazipenda Hadithi Zenye Mwisho wa Suluhu

Ipogolo iko bondeni, chini ya mlima unaobeba mji wa Iringa, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na hatimaye Zambia hupita karibu na Mto Ruaha Mdogo. Msafiri aliyekwisha kuupanda mlima wa Kitonga na kuyapita mashamba ya nyanya na vitunguu ya Ilula hushuka hapo akapokewa na baridi ya Nyanda za Juu Kusini. Na aghalabu, katika saa nyingi alizokaa kitini tangu Dar es Salaam, amekwisha kutazama filamu mbili tatu za Kiswahili katika televisheni iliyotundikwa mbele ya basi, akaona jinsi abiria wasiojuana majina wanyamazavyo wote kwa pamoja mama wa hadithi anapofukuzwa na wanawe, na jinsi washushavyo pumzi kwa pamoja anaporudishwa nyumbani kwa heshima. Majumbani nako mambo ni hayo hayo. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapowaondoa watu barazani mapema, chakula kikiisha kuliwa na taarifa ya habari kusikilizwa, wazazi, watoto na mgeni aliyefika jioni hukaa mbele ya kioo kimoja kutazama mkasa wa familia ambayo haipo duniani, wakaihangaikia kama jirani.

Jambo hili ni la kila siku hata hatulistaajabii tena, lakini lina swali ndani yake linalostahili jibu la uangalifu. Ni kitu gani kiwavutacho watu wazima, wenye akili timamu na kazi nyingi za kuwachosha, wakae jioni baada ya jioni kutazama hadithi ambayo mwisho wake wameukisia tangu mwanzo? Hadithi ninazozikusudia ni zile filamu na tamthilia zilizotungwa mahsusi kwa ajili ya televisheni, zirudizo kwetu sehemu kwa sehemu na watu wale wale, ambazo hazitegemei bastola wala damu wala mazingaombwe, na ambazo kiini chake ni jamaa waliofarakana, mjane aliyekata tamaa, yatima aliyepata mlezi, au mke kijana aliyeingia katika nyumba ya watu asiowajua. Wako wanaozidharau wakisema ni burudani ya wavivu. Mimi naamini kwamba zinapendwa kwa sababu ya haki na ya heshima: zinatuonyesha upatanisho ukifanyika mbele ya macho yetu, hatua kwa hatua, ilhali katika maisha yetu upatanisho wa kweli huchelewa mno, na mara nyingine wahusika hufa kabla haujafika.

Nchi iliyozifanya hadithi za aina hii kuwa kazi ya viwanda ni Marekani, na inafaa tuanzie huko ili tuijue kanuni yake. Mwaka 1910, katika mji wa Kansas City, kijana aitwaye Joyce Hall alianza biashara ya kadi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Hallmark. Na kwa muda wa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kuwauzia watu maneno mema ambayo wao wenyewe waliona haya kuyatamka kwa vinywa vyao, pole kwa aliyefiwa, hongera kwa aliyejifungua, shukrani kwa mzazi aliyezeeka. Televisheni ilipoenea, kampuni hiyo iliingia nayo humo. Tarehe 24 Desemba 1951 ilidhamini opera fupi iliyotungwa kwa ajili ya televisheni, kisa cha mtoto kiwete na mama yake mjane waliojiwa usiku na wafalme watatu, ambamo mtoto yule, kwa kukosa kitu kingine cha kumpelekea mtoto Yesu, alitoa mkongojo wake mwenyewe, akapona. Miaka 20 baadaye, mwaka 1971, shirika la CBS lilionyesha filamu ya televisheni iliyoitwa The Homecoming, juu ya familia maskini ya milima ya Virginia inayomngoja baba usiku wa kuamkia Krismasi; watazamaji wakaipenda hata ikazaa mfululizo wa The Waltons, uliodumu kutoka mwaka 1972 hadi 1981. Mwaka 1991 Hallmark ikaleta Sarah, Plain and Tall, hadithi ya mkulima mgane wa Kansas aliyetangaza gazetini kwamba anatafuta mke, akajiwa na mwanamke kutoka pwani ya mbali ya Maine. Na kwa kuwa watu hawakutaka kuagana na familia ile, filamu ya pili ilifuata mwaka 1993 na ya tatu mwaka 1999.

Filamu za televisheni za namna hii hupigwa upesi, mara nyingi katika wiki mbili au tatu, na kwa gharama iliyo ndogo sana ikilinganishwa na ile ya filamu za majumba ya sinema. Kwa kuwa matangazo ya biashara huikata hadithi mara kwa mara, mtungaji hulazimika kuigawa katika vipande vifupi, na kila kipande kiishie kwa swali dogo: je, barua itafunguliwa? Je, binti ataondoka kabla hajaambiwa ukweli? Hapana ulimwengu unaookolewa katika maswali haya, na nguvu yake iko hapo hapo, maana mtazamaji hajapata kuuokoa ulimwengu, lakini barua amewahi kuipokea, na ukweli amewahi kufichwa, au yeye mwenyewe kuuficha.

Kwetu ladha ya hadithi za suluhu haikuletwa na televisheni. Bibi aliyewaita wajukuu kwa paukwa wakamwitikia pakawa alijua kwamba watamwomba kisa kile kile cha juzi, na kwamba akikosea neno moja watamsahihisha. Marehemu Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, alimfanya Adili awasamehe ndugu waliomtendea uovu mkubwa, na wasomaji wa Kiswahili wamekienzi kitabu hicho kizazi baada ya kizazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika, ikishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini, ilitengeneza filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza kijana mtumishi wa serikali aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Mambo ya filamu hizo yalikuwa ya kawaida kabisa, yaani mtu wa shamba na hila za mjini, mapenzi, ndoa na wageni. Na hadhira ilizifuata kwa shauku kwa sababu kwa mara ya kwanza iliwaona katika pazia la sinema watu wanaozungumza lugha yake na kusumbuliwa na mambo yake.

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, lakini Bara ilingoja mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vilipoanza kurusha matangazo. Katika kipindi hicho kirefu kazi ya kuwakusanya watu jioni ilifanywa na redio. Mnamo Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, na mchezo huo una haki ya pekee ya kutajwa katika makala yaliyoanzia Ipogolo, kwani mhusika wake aliyejulikana mno, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake katika vituo vya njiani, naye mkewe Tunu alibaki nyumbani akiubeba mzigo wa familia mpaka akapata nguvu ya kujisimamia. Waliokaa kando ya barabara kuu waliwajua kina Mkwaju wao, na kina Tunu wao vilevile. Dodoma iliachwa bila mchezo huo kwa takriban miaka miwili ili wataalamu wapate mahali pa kulinganisha, na baada ya kuchunguza walikuta kwamba palipokuwa na matangazo watu walizungumza zaidi na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango. Natija hii ni ya kukumbukwa, kwa maana yathibitisha kwamba hadithi isikilizwayo na watu wawili waliokaa pamoja huweza kuwafungua vinywa.

Televisheni ilipofika, kundi la Kaole lilionekana katika kituo cha ITV na michezo ya kuigiza iliyoyafanya majina ya waigizaji wake yawe majina ya nyumbani. Humo ndimo walimopitia Steven Kanumba, Vincent Kigosi aitwaye Ray, na Blandina Chagula aitwaye Johari, kabla ya kuingia katika filamu zilizouzwa kwa kanda na kisha kwa diski. Filamu hizo zilikuwa na desturi ya kukatwa katika sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja ikiuzwa peke yake. Na ingawa wauzaji walifanya hivyo kwa ajili ya faida, walijua kwamba mnunuzi aliyemwacha mama akilia mwishoni mwa sehemu ya kwanza hatalala vema mpaka apate kujua kama machozi yale yalifutwa. Kanumba hakuwa mtu wa hadithi za upole peke yake, lakini pale alipocheza pamoja na watoto, kama katika Uncle JJ, alipendwa kwa namna ya pekee. Na alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28 tu, umati uliofurika Dar es Salaam kumzika uliidhihirishia dunia kwamba mwigizaji aingiaye majumbani mwa watu kila jioni huhesabiwa kuwa mmoja wa jamaa.

Lakini katika hadithi zote za upole zilizopita katika televisheni zetu, hapana hata moja inayofundisha zaidi juu ya siri ya mvuto wake kuliko ile ya Mao Doudou. Tamthilia hiyo ya Kichina, yenye sehemu 36, ilitiwa sauti za Kiswahili kwa juhudi za Radio China Kimataifa, na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lilianza kuionyesha mnamo Novemba 2011. Mao Doudou ni muuguzi kijana wa Beijing aliyeolewa na Yu Wei, mpiga picha, ambaye wazazi wake waliachana na baba yake akaoa tena. Hivyo bibi harusi huyo akajikuta ana mavyaa wawili, mmoja mama mzazi wa mumewe na mwingine mama wa kambo, kila mmoja akitaka heshima yake kamili, naye hakuweza kumpendeza mmoja bila kumuudhi wa pili. Kisa kizima kimejengwa juu ya ziara, vyakula, zawadi, maneno yaliyosikiwa vibaya, na subira ya mke kijana ambaye hakuwa mjinga wala mnyonge, ila alikata shauri kwamba nyumba yake itasimama.

Mtu angeweza kudhani kwamba mambo ya ghorofa za Beijing hayana nasaba na mambo ya Iringa au Mbeya. Hasha! Tarehe 25 Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipohutubia Dar es Salaam katika ziara yake ya kwanza barani Afrika tangu ashike urais, aliitaja tamthilia hiyo mbele ya wageni, akisema kwamba imewawezesha watazamaji wa Tanzania kuzijua furaha na taabu za maisha ya nyumbani ya Wachina. Na ukumbi ulimwelewa, kwani wengi walikuwa wamemwona Doudou. Kiswahili kilikuwa ufunguo wa kwanza wa mapokezi hayo. Bibi asiyejua kusoma maandishi yapitayo upesi chini ya picha alimsikia Doudou akiamkia, akiomba radhi, akijibu kwa staha na mara nyingine kwa ukali, katika lugha ambayo bibi mwenyewe huitumia kumwita mkazamwana wake. Kampuni ya StarTimes iliyatambua manufaa hayo, na mwaka 2016 iliendesha mashindano ya kutafuta Watanzania wenye sauti za kufaa kutia Kiswahili katika tamthilia za Kichina, washindi wakapelekwa Beijing kwa kazi hiyo.

Ufunguo wa pili ulikuwa maudhui yenyewe. Katika Nyanda za Juu Kusini heshima ya wakwe ni jambo zito tangu zamani. Monica Wilson, aliyeishi Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 wakichunguza mila za Wanyakyusa, aliandika jinsi mke wa mwana alivyokatazwa kumtazama baba mkwe wake au kulitaja jina lake, akalazimika kuchepuka njiani ili wasikutane. Mila hiyo imelegea katika miji, lakini hofu iliyoizaa haijatoweka: mwanamke aingiaye katika ukoo wa mumewe angali anajua kwamba amani yake hutegemea watu ambao hakuwachagua. Kwa mwanamke wa namna hiyo, kumwona Doudou akikosea, akilaumiwa, akijieleza, na mwishowe akapendwa na wazee wale wale waliomtilia shaka, kuna thamani ambayo mtu aliyeipata amani hiyo bila jasho hawezi kuipima.

Hapa ndipo naona jibu la swali letu la kwanza, yaani kwa nini mwisho unaojulikana hauiharibu hadithi. Mtu atazamaye mpira hutaka asijue atakayeshinda, kwa sababu raha yake iko katika matokeo. Atazamaye hadithi ya suluhu hujua kwamba watapatana; asilolijua, na alilokaa kulijua, ni nani atakayeanza kusema, atasema neno gani, na yule aliyekosewa atalipokeaje. Haya ni maarifa ya maisha, wala hayapatikani kwa wepesi, maana ugomvi wa kweli katika nyumba za watu husikika na mtaa mzima, ilhali suluhu yake hufanyika kwa siri ndani ya chumba, na majirani huona tu kwamba fulani na fulani wameamkiana tena. Tamthilia inatufungulia chumba kile, tukaona upatanisho ufanywavyo.

Fauka ya hayo, mfululizo una muda, na muda ndio mwalimu wa mambo haya. Filamu moja ya saa mbili hulazimika kumgeuza mtu mbaya kuwa mwema katika dakika chache, na mtazamaji mwenye busara hawezi kusadiki. Lakini mavyaa akilainika kidogo katika sehemu ya saba, akarudi ukaidini katika ya kumi, akamtetea mkazamwana wake kwa jirani katika ya ishirini huku uso kwa uso angali anamnunia, huyo twamjua, ni mtu wetu. Hata mapungufu ya tamthilia, kama vile mazungumzo marefu na mambo yarudiwayo, huzoeleka kama tunavyozoea tabia za ndugu, nasi tukangoja saa yake ifike si kwa pupa ya ajabu mpya, ila kwa haja ya kujua wanaendeleaje.

Tena kuna faida ya kutazama pamoja, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kupita zote. Katika nyumba zetu kuna maneno ambayo adabu huyazuia. Binti hawezi kumwambia baba yake, uso kwa uso, kwamba amemhukumu bila kumsikiliza. Mke hapendi kumwambia mumewe mbele ya watoto kwamba safari zake zimezidi. Wala mzee hajui jinsi ya kumwomba radhi mtoto aliyemlea kwa fimbo. Lakini wote wanaweza kusema juu ya watu wa tamthilia. Binti akisema kwamba yule baba angemsikiliza mwanawe mambo yangekwisha, baba halisi aliyeketi karibu naye amesikia. Na baba akijibu kwamba yule binti naye angesema mapema, binti amejibiwa. Kile Joyce Hall alichokiuza kwa kadi, yaani neno jema kwa mtu anayeona haya kulitamka, tamthilia hulitoa sebuleni usiku, na familia nyingi hulitumia bila kujua kwamba zinalitumia.

Kwa watu wa Iringa haja ya neno hilo ina historia yake. Kwa miaka mingi wanaume wa nyanda hizi walikwenda mbali kwa kazi za mashamba ya mkonge, na wengine hawakurudi. Na hata sasa mabinti wengi wa mkoa huu hupanda basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi katika nyumba za watu, wakawalea watoto wa wengine huku mama zao wakingoja simu. Kisha ukaja msiba wa UKIMWI. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007–08 uliikuta Iringa, ambayo wakati ule ilikuwa bado pamoja na Njombe, ikiizidi mikoa mingine yote ya Bara kwa kiwango cha maambukizi, zaidi ya watu 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na bibi waliolea wajukuu bila wazazi, na ndugu waliogawana yatima, wengine kwa ihsani na wengine kwa manung'uniko. Mtu aliyepita katika mambo hayo, akitazama hadithi ya mtoto asiye na kwao aliyepokelewa mezani kwa moyo safi, halii kwa udhaifu. Analilia jambo analolijua, na pengine ndiyo nafasi ya kwanza aliyopata ya kulilia.

Nimesema kwa sifa, na insafu inanitaka niseme pia juu ya kasoro. Kasoro ya kwanza ni kwamba baadhi ya hadithi hizi huileta furaha kwa mlango wa utajiri peke yake, kana kwamba mjane hawezi kufarijika mpaka aolewe na mwenye gari kubwa, na kana kwamba upendo hauwezi kukaa katika nyumba isiyo na ngazi na bustani. Hadithi ya namna hiyo humwacha mtazamaji akiidharau nyumba yake mwenyewe, na hiyo ni kinyume cha faraja. Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni suluhu ya kulazimishwa: mke aliyepigwa anashauriwa arudi na kuvumilia, mtoto aliyedhulumiwa urithi anaambiwa asamehe kwa kuwa aliyemdhulumu ni mkubwa, kisha muziki unapigwa na wote wanacheka. Huo ni uonevu uliofichwa, wala haustahili jina la suluhu. Katika upatanisho wa kweli mkosaji hulitaja kosa lake, huirudisha haki ya mwenziwe, na humwachia aliyekosewa hiari ya kukubali au kukataa. Adili aliwasamehe nduguze akiwa na uwezo wa kutosamehe. Ndiyo maana msamaha wake una thamani.

Kwa kipimo hicho mtazamaji anaweza kuzipima tamthilia za sasa, nazo ni nyingi kuliko wakati wowote uliopita. Tangu kuingia kwa matangazo ya dijitali, yaliyoanza kuchukua nafasi ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nyumba yenye king'amuzi imepata idhaa nzima za filamu na tamthilia za Kiswahili, kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo, ambako Huba na Jua Kali, hii ya pili ikiwa kazi ya mwongozaji Leah Mwendamseke ajulikanaye kwa jina la Lamata, zimepata wapenzi wengi. Mwaka 2012 vilevile Siri ya Mtungi, iliyopigwa Bagamoyo na kumzunguka mpiga picha kijana aitwaye Cheche, ilionyesha kwamba tamthilia yetu inaweza kutengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu, ikayagusa mambo ya ndoa na afya bila kugeuka mahubiri. Ufundi basi tunao, waigizaji tunao, na lugha yetu inasikika kutoka Pemba hadi Tunduma.

Kinachokosekana ni upana wa ramani. Tamthilia nyingi hukaa katika majumba ya kifahari ya Dar es Salaam, na mtu wa bara kusini akionekana humo aghalabu ni mfanyakazi wa ndani aliyeletwa kuchekesha kwa lafudhi yake. Lakini hadithi yake mwenyewe iko wapi? Iko katika nyumba aliyoiacha, kwa mama yake auzaye nyanya kando ya barabara, kwa kaka aliyeapa hatamsemesha kwa sababu aliondoka bila kuaga, kwa mtoto aliyemwacha akiwa hajaanza kutembea, na katika siku atakayoshuka Ipogolo na begi lake asijue kama atapokelewa. Mtungaji mwenye moyo na subira angeweza kuifanya hiyo kuwa sehemu 36, na Mchina naye akaitia sauti za Kichina, watu wa Beijing wakajua furaha na taabu za maisha ya nyumbani ya Wahehe kama sisi tulivyojua zao.

Kwa hiyo nawasihi wenye vituo vya televisheni na wenye mitaji wapeleke kamera zao Nyanda za Juu Kusini. Na nawasihi vijana wa Iringa, Mbeya na Njombe, pamoja na wale wasomao uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Iringa, wakae na bibi zao wawaulize habari za ndugu waliopatana, waziandike kabla wenye habari hizo hawajaondoka. Na wewe msomaji, ukitazama jioni pamoja na wanao, usione haya kuwauliza baada ya tamthilia kwisha ni nani aliyekosa na alipaswa kusema nini. Kisha, kama yuko jamaa yako ambaye hamsemezani, usingoje sehemu ya mwisho. Mpigie simu leo.